Mhadhara wa Shokapu Chini ya Mengineyo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikoba, Ndugu Katibu, Mama Riziki Mweka Hazina wetu mwenye daftari lisilosahau, wanachama mliolipa hisa za wiki hii na ninyi mliokaa nyuma ya mwembe kwa sababu mnazozijua: nawasalimu kwa salamu yenye uzito wa mada yenyewe.

Tumefika Mengineyo. Wengi huidharau ajenda hii, wakadhani ni ya kutangaza kicheni pati na kukumbushana faini. Hapana. Ajenda namba moja hadi tano ni za watu wenye haraka. Mengineyo ni ya watu wenye elimu.

Mama Riziki ameniuliza swali fupi kuhusu mkopo wangu wa dharura wa shilingi 300,000, ambao kwenye fomu niliuandikia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "shokapu za mbele jozi moja, pamoja na ufundi". Swali nimelisikia, Mama, na ni swali zuri. Ila huwezi kumsomea hukumu mtu ambaye shtaka lenyewe hajalielewa, na kikao hiki, nasema kwa heshima, shokapu hakiielewi. Nitaanza na elimu. Swali nitalifikia.

Kwanza mjue mnamsikiliza nani. Ninyi mnanifahamu kama Baba Zuhura wa nyumba yenye geti la bluu. Hilo ni jina la nyumbani. Kitaaluma mimi ni Mtaalamu Mshauri Mwandamizi wa Miguu ya Magari, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kuona wanaopaswa kukitoa wanachelewa. Nimekaa kwenye benchi la gereji ya Fundi Saidi miaka 11. Spana sijashika hata siku moja, na hapo ndipo penye ubora wangu. Fundi hulitazama gari kutoka chini, kwenye giza, oili ikimdondokea machoni. Mimi nalitazama kutoka benchini, lote kwa mkupuo, na kikombe cha kahawa mkononi.

Pili, suti. Naona macho yanatangatanga kwenye suti. Ni Kaunda suti ya kawaida, rangi ya maziwa, kwa sababu mhadhara wa hadhi hii hautolewi kwa fulana ya kampeni. Itazameni mara moja, mmalize, kisha mtazame hapa mezani, pembeni ya birika. Hiki kilichofungwa kwenye gazeti ni Kielelezo Namba Moja: shokapu ya mbele, upande wa kulia, iliyotoka kwenye Toyota IST. Gari hili walianza kuliuza Japani mwaka 2002, na leo ukirusha jiwe hapa Mbagala likakosa IST, ujue limepiga Vitz.

Sasa. Kosa kubwa la umma ni kudhani shokapu hubeba gari. Haibebi. Anayebeba ni springi. Springi ni mpagazi mwenye nguvu asiye na adabu: mzigo ataubeba, lakini ukimgusa kidogo tu anaanza kucheza, na akianza kucheza hajui kuacha. Gari lenye springi peke yake likivuka tuta moja hapa Rangi Tatu litafika Kongowe bado linaitikia lile tuta. Shokapu ndiyo mzee anayesema basi, inatosha, kaa chini. Ndani yake mna bomba, mna oili, mna pistoni yenye vitundu na valvu, na pistoni hiyo inapopanda na kushuka hulazimisha oili ipenye kwenye vitundu kwa shida. Ile shida ndiyo kazi yenyewe. Mruko wa gari unageuka kuwa joto, joto linatoka hewani, na wewe abiria unabaki umekaa na meno yako yote.

Umesema nini, Katibu? Ndiyo, joto kweli kweli. Ukitoka safari ya barabara ya vumbi, shokapu iliyofanya kazi huwa ya vuguvugu, na ile iliyokufa hubaki baridi kuliko mwenzake, maana mtu asiyefanya kazi hatoki jasho. Ni kipimo cha haraka na cha bure. Mimi nilikifanya Mkuranga mbele za watu, nikiwaeleza huku nikipapasa chini ya gari bila kutazama, nikashika ekzosi. Kidole kilipona. Kipimo ni sahihi, tatizo lilikuwa anwani.

Tuendelee na historia, kwa sababu mtu asiyejua historia ya mguu wa gari lake hana haki ya kulalamika mgongo. Shokapu ya mbele ya IST si shokapu tu. Ni mguu mzima. Springi imekaa juu yake kama kofia, kichwa chake kimefungwa kwenye bodi chini ya boneti, mkia wake umeshika kitovu cha gurudumu, na ukikata usukani mguu wote unazunguka. Mpango huu una jina la Mmarekani aliyeitwa Earle MacPherson. Alikuwa General Motors baada ya Vita Kuu ya Pili, akishughulikia gari dogo la Chevrolet, mradi ukafutwa mwaka 1947, naye akahamia Ford na mawazo yake kichwani. Mwaka 1950 Ford wa Uingereza wakatoa Consul na Zephyr zenye mguu huo mbele. Akaondoa mkono wa juu na vikorombwezo vyake, gari likawa jepesi, rahisi kutengeneza, na nafasi ya injini ikaongezeka. Leo karibu kila gari dogo mnaloliona mtaani linatembelea miguu ya bwana huyu. Mimi na MacPherson tulifikia mawazo yaleyale kwa nyakati tofauti. Yeye alinitangulia kwa kuwa alizaliwa 1891.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu mguu ukiwa ndio shokapu, shokapu ikichoka si starehe tu inayoondoka. Usukani unaondoka. Breki inaondoka. Nyuma ya IST ya kawaida springi iko kwake na shokapu iko kwake, ukikosea unakosea kitu kimoja. Mbele ukikosea, umekosea vyote.

Naona Mzee Kombo anasinzia. Mwamsheni, tunaingia kwenye kiini: lini ubadilishe.

Shokapu haifi, waheshimiwa. Ingekuwa inakufa, mngeizika. Shokapu inafifia. Balbu ikiungua unajua usiku uleule. Tairi likipasuka, mtaa mzima unajua. Shokapu inapoteza nguvu kidogo wiki hii, kidogo mwezi ujao, na wewe dereva unajifunza kuishi nayo bila kujua kwamba unajifunza. Mkono unazoea kurekebisha usukani baada ya kila shimo. Mguu unazoea kukanyaga breki mapema zaidi. Kiuno kinazoea kuinuka kwenye kiti kabla ya tuta, kama mtu aliyepanda punda. Nina binamu yangu mmoja, alikaa na shokapu zilizochoka miaka mitatu. Siku aliyoazima gari la mtu lenye miguu mizima alilirudisha kabla ya jioni, akamwambia mwenye nalo, kwa huruma kabisa, gari lako lina tatizo, halichezi.

Kwa hiyo msiwaulize madereva. Dereva ni shahidi aliyezoea kosa. Waulizeni abiria.

Ngoja, ngoja. Mama Zuhura, najua unataka kusema jambo, nitakupa nafasi. Wanachama, mke wangu huyu ana malalamiko ya mgongo tangu mwaka jana. Kila tukitoka kanisani, mgongo. Kila tukitoka sokoni, mgongo. Kama mtaalamu nilichunguza, nikagundua tatizo ni godoro. Nikaligeuza. Halikusaidia, nikaligeuza tena likarudi lilivyokuwa. Sasa anatembea na mto wake mdogo wa maua, anauweka kwenye kiti cha abiria, upande wa kushoto. Nautaja kama mfano wa uzembe wa viwanda vya magodoro, tusiuchanganye na mada.

Vipimo. Kipimo maarufu ni kile cha kuegemea kona ya gari. Unabonyeza kwa uzito wako wote, unaachia. Gari likipanda, likashuka na kutulia, shokapu ina uhai. Likiendelea kuitikia kama mtu anayekubali mahari, imekwisha. Watu wanakipenda kipimo hiki kwa sababu unakifanya umevaa viatu vizuri. Lakini sikilizeni sauti ya benchi la miaka 11: kipimo hiki hugundua maiti, hakigundui mgonjwa. Mkono wako unabonyeza polepole. Shimo halibonyezi polepole. Shokapu inaweza kukujibu kwa heshima pale gereji, ikakutukana kwenye makorongo.

Kwa hiyo inama, utazame. Ukiona utando mwembamba wa oili uliogandiwa na vumbi karibu na sili ya juu, usipige kelele. Kidogo cha namna hiyo ni jasho la kawaida. Ukiona bomba limelowa, oili imetiririka hadi chini na imeshika tope kama ugali wa jana, hiyo shokapu inalia, na machozi yake ndiyo yale mafuta yaliyokuwa yafanye kazi. Kisha peleka kiganja kwenye tairi. Usitazame, papasa, ukizunguka nalo. Tairi lililoliwa upande mmoja kwa urefu wake wote linalalamikia alaimenti. Tairi lenye mabonde na vilima, mabaka mabaka, hapa limeliwa hapa limeachwa, hilo lilikuwa linarukaruka barabarani, linagusa na kuachia, kwa sababu hapakuwa na wa kulikandamiza chini.

Na hapo ndipo mnapaswa kuogopa, hata ninyi mnaosema gari langu la kwendea sokoni tu. Tairi lililo hewani halishiki breki. Liwe na breki mpya, liwe na mfumo wa kisasa wa kuzuia tairi kusereka, hewa haishikiki. Unakanyaga breki, pua ya gari inainama kama inatafuta sarafu, matako yanainuka, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, na bodaboda aliyekuingilia mbele hajui kwamba uliahirisha matengenezo kwa sababu ya sherehe ya ubatizo.

Sasa kelele. Hapa watu wanaibiwa mchana kweupe. Mtu anasikia kogo kogo kogo akipita kwenye mawe, anakimbilia kununua shokapu. Anafunga mpya. Kesho yake: kogo kogo kogo. Bwana, mara nyingi kelele hiyo ni linki ya stabilaiza, kijiti chenye vifundo viwili, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na shokapu. Inaweza kuwa bushi ya wishiboni. Inaweza kuwa mauntingi, ile raba ya juu inayoshika kichwa cha mguu. Na ukiwa umesimama unakata usukani ukasikia springi inajikunja na kuachia, twing, kama zeze la mtu mwenye hasira, beringi ya mauntingi ndiyo inayokwama. Shokapu iliyochoka mara nyingi haina kelele kabisa. Inakaa kimya, inakuzika polepole.

Kilomita? Kijana pale nyuma ameuliza kilomita, na swali lake limenifurahisha kwa sababu nina jibu. Watengenezaji wakubwa hushauri shokapu zikaguliwe kila baada ya kilomita 20,000, na zikikaribia 80,000 uanze kufikiria kubadilisha. Kufikiria, wamesema. Wao walifikiria lami. Barabara ya mtaa wetu, ile inayotoka kwa muuza mkaa hadi msikitini, sidhani kama mhandisi yeyote wa Japani ameshawahi kuiota, na kama ameiota aliamka akaomba maji. Halafu kilomita zipi unazozisema? Gari lilikuja bandarini lina umri wa kumaliza sekondari na dashibodi inasoma 61,000. Ukiamini namba hiyo utaamini lolote. Papasa tairi, mwanangu.

Kuna jambo lingine la kilomita za kwetu. Nchi hii tunaendesha kushoto. Gurudumu la kushoto ndilo linalopita ukingoni, penye lami iliyomeguka, penye mashimo ya maji, penye mfereji usio na mfuniko. Ndilo linaloshuka kwenye changarawe ukimpisha mwenye basi. Ukinipa IST yoyote ya Mbagala na ukaniambia nibashiri mguu upi umeumia zaidi, nitakuambia bila kuinama: wa kushoto. Elimu hiyo haipo kwenye boksi la shokapu. Andika, Katibu.

Tuje kwenye kununua. Utakwenda Kariakoo, Gerezani, na kabla hujavuka barabara vijana wanne watakuwa wameshajua una gari gani. Utapewa njia tatu. Mpya ya jina kubwa la Kijapani. Mpya ya jina ambalo likisomwa harakaharaka linafanana na jina kubwa la Kijapani. Na mtumba, iliyofunguliwa kwenye gari lililochinjwa hukohuko Japani. Ya kwanza ni ghali, na boksi lake likague herufi kwa herufi, kwa sababu kampuni iliyoanza kazi yake Japani mwaka 1919 haiwezi kuwa bado haijajua kuandika jina lake. Ya pili ninaiita shokapu ya arusi: inapendeza siku ya kwanza. Ya tatu, mtumba, msiidharau wala msiioe kwa picha. Tazama rodi, ule mti unaong'aa. Ukiwa na mkwaruzo au kutu, sili itachanika na oili itatoka kabla hujamaliza mkopo. Kisha isukume ndani. Iingie kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na sehemu inayodondoka bila kuzuia, rudisha. Na hapa mjinga na msomi wanaachana: yenye gesi ndani, ukiiachia, hupanda yenyewe polepole, ya oili tupu haipandi. Kwa hiyo isipopanda usimwambie muuzaji wa watu kwamba amekuuzia maiti. Muulize kwanza ni ya aina gani.

Njia ya nne haipo dukani. Kuna fundi, simtaji, na gereji yake siitaji, aliyemshawishi jamaa yangu kwamba shokapu inaweza kuongezwa oili. Akaitoboa ubavuni, akamimina, akachomelea tundu. Ilirudi ikiwa nzito kama mpini wa jembe. Ikakaa siku tisa. Siku ya kumi ikajifungulia palepale ilipochomelewa, na jamaa akarudi na gari linaloinama upande mmoja kwa unyenyekevu. Na ninyi mnaonyanyua magari kwa kupachika raba katikati ya springi ili msiguse matuta: springi mmeisimamisha, shokapu mmeiacha imenyooka karibu na mwisho wake, kila ukishuka kwenye shimo inagonga kikomo cha juu. Mnaua kwa kupendeza.

Sasa nafungua Kielelezo. Gazeti hili limeshikana kidogo. Vuteni upande huo. Haya, tazameni: hii ndiyo rodi, hii ndiyo sili, na huu wote weusi ndio oili iliyotoka. Naikumbatia hivi, nasukuma hivi... mnaona? Imeingia kama kisu kwenye parachichi. Haikunipinga hata kidogo. Hii ilikuwa kwenye gari langu mimi mwenyewe, na naapa nilikuwa naliona gari zima. Miaka miwili Fundi Saidi ananiambia, Mzee, miguu ya mbele. Namwambia, kijana, mimi ndiye niliyekufundisha miguu ya mbele.

Nini? Suti? Oh. Ni tone tu. Mama Zuhura, una leso? Basi. Tuendelee, oili ni alama ya kazi.

Kanuni kuu. Hii nataka muikariri, na kama kikoba kingekuwa na wimbo ningeomba iingizwe kwenye kiitikio. Shokapu hubadilishwa kwa jozi! Kulia na kushoto, siku moja, aina moja. Hakuna mjadala. Mtu anayebadilisha moja ni sawa na mtu aliyevaa kiatu kipya mguu mmoja na ndala iliyokatika mguu mwingine, kisha akaomba kukimbia. Upande mmoja una nguvu, mwingine hauna. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gari linainama upande mmoja. Ukikwepa mbuzi kwenda kulia gari lina tabia moja, ukimkwepa kwenda kushoto lina tabia nyingine, na mbuzi hatoi taarifa anatokea wapi. Wahenga wa kidole kimoja na chawa walikuwa wanasema habari hiihii, ila hawakuwa na gari. Jozi! Nimelisema hili kwenye benchi kwa miaka 11 na sijawahi kurudi nyuma.

Kufunga nitapita haraka, maana naona mwanga unapungua na maandazi pia. Jambo moja tu nitalikazia, kwa kuwa linaua. Springi iliyo juu ya mguu imebanwa, na ule mbano umeshikwa na nati moja katikati. Fundi asiyetumia vibana springi, anayeigusa nati ile kwanza, anafungua bunduki akiwa anaichungulia. Nimeona springi iliyoponyoka ikitoboa bati la gereji. Bati bado lina tundu. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo na kumshukuru Mungu kwamba ni bati. Mengine: rodi isishikwe kwa plaizi. Mpya isimamishwe wima, ipampiwe mara kadhaa kwa mkono kabla ya kufungwa, hewa itoke. Kitovu cha gurudumu kisiachwe kining'inie kwenye mpira wa breki. Ile raba ya kikomo na kifuniko cha vumbi msirudishe vya zamani vilivyolika, mkawa mmemvika bwana harusi soksi za babu. Bushi za shokapu za nyuma zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Na ukitoka hapo, alaimenti, siku hiyohiyo, usiniambie kesho.

Nimemaliza. Makofi yenu nayapokea.

Mama Riziki bado amesimama. Ndiyo, Mama, swali lako. Nilisema nitalifikia, nami ni mtu wa neno langu. Unauliza, kwa maneno yako, kama hiki ni Kielelezo Namba Moja, Kielelezo Namba Mbili kiko wapi.

Swali la kina.

Kielelezo Namba Mbili kiko kazini. Kiko kwenye gari. Upande wa kushoto. Msigunegune, wanachama, taaluma ina mazingira yake. Nilifika Gerezani na fedha zote mfukoni. Nikanunua ya kulia, mpya, ya jina lililoandikwa sawasawa. Kwa nini ya kulia? Kwa sababu dereva anakaa kulia, na dereva ndiye mtaalamu, na mtaalamu akiumia mgongo nani atawashauri? Ya kushoto tuliikagua. Fundi Saidi alisema imekwisha kabisa, mimi nikasema ina busara ya uzee. Upande ule una abiria mmoja tu, na ana mto.

Salio? Salio limetumika kwenye mradi uleule. Mlitaka nije kutoa elimu hii kwenu nimevaa nini? Mama Riziki, usipekue risiti, andika tu. Andika: jozi moja. Kulia, shokapu. Kushoto, suti.

Mwenyekiti, naomba utulivu kwenye kikao. Kicheko hakimo kwenye katiba yetu. Na kuhusu faini, hoja imepokelewa, tutaijadili mwezi ujao chini ya Mengineyo.

Mama Zuhura, unakwenda wapi? Ni kweli, una leseni, sijakataa, una leseni tangu kabla ya mimi kupata yangu. Nilikushauri usiendeshe kwa sababu za kitaalamu. Lakini hizo funguo... Umezitoa mfukoni mwangu saa ngapi? Nilikuwa nimekumbatia Kielelezo? Haya. Haya, nimesikia. Endesha.

Basi huo mto uache kwenye kiti.